Kiti Kirefu

Nilipobadilishiwa nyonga nilirudi Namoruputh na onyo moja: niketipo, goti lisipande juu ya nyonga. Onyo hilo lilikuwa jepesi kulisikia, zito kulitii. Maana chini ya mti wazee huketi juu ya ekicholong, kigoda kifupi cha mti. Niliona haya kukaa kitini juu yao. Lakini nyonga bandia, ambayo John Charnley aliifanikisha Uingereza mwaka 1962, yaweza kuteguka mtu akiinama mno. Nikachagua haya kuliko kilema. Wiki 6 nilitembea kwa mkongojo. Baada ya miezi 3 nilirudi kisimani, nikahesabu mbuzi huku vijana wakiteka maji. Nawe urudipo kazini, rudi hatua kwa hatua: kazi hungoja, mfupa hauharakishwi.