Wageni katika Hospitali

Mtu akivaa koti jeupe katika hospitali, watu wote wanamwita Munganga. Hawamwulizi kama amemaliza shule. Hawamwulizi kama anapata mshahara. Sisi wanafunzi wa uuguzi tunaitwa hivi kila siku, na kumbe tungali tunajifunza. Tunapenda kuwaeleza namna tunavyoishi wakati wa staji, mbali na kwetu, na neno moja tulilojifunza huko ambalo halimo katika vitabu vya shule.

Kwetu ni upande wa Moba. Kwa staji tulitumwa Kalemie, mji ulio pale mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika. Wazee wangali wanakumbuka jina lake la zamani, Albertville, lililobadilishwa mwaka 1966. Tulisafiri usiku kwa mtumbwi wa motere, katikati ya magunia ya mahindi na mihogo, kila mmoja akishika mfuko wake juu ya magoti ili koti lisilowane. Tulikuwa wanne, na kwa miezi mitatu tulikodi chumba kimoja.

Namna tunavyoishi

Tunaamka saa kumi na moja ya asubuhi. Kazi za nyumba tumezigawanya: leo huyu anateka maji, yule anafagia, mwingine anawasha mbabula. Makala ni ya bei, kwa hiyo tunapika mara moja tu kwa siku, jioni: bukari na ndagala, au bukari na sombe. Asubuhi ni chai bila maziwa, na muhogo uliobaki jana.

Feza inatoka kwetu kwa njia ya simu. Wazazi wetu hawana mshahara, wanauza mahindi. Tunajua kila franka imetoka katika gunia gani. Kwa hiyo, mmoja wetu aliponunua soda siku ya sikukuu, aliinywa polepole sana, na sisi wengine tulimwangalia bila kusema neno. Halafu tulicheka wote.

Usiku ndipo nyumbani panaposumbua moyo. Mtu anasikia sauti ya mama yake katika simu, anaulizwa, “Unakula?”, naye anajibu, “Ninakula, Mama.” Si uongo. Lakini mama anasikia yale yasiyosemwa.

Kazi ya mchana

Saa moja kamili tunasimama mbele ya wauguzi wa usiku na kusikiliza habari za wagonjwa: nani amelala vema, nani ametapika, nani ametutoka. Kisha tunakwenda kitanda kwa kitanda. Tunapima homa, tunapima tansio, tunahesabu pumzi, tunaandika yote katika fishi. Tunabadilisha shuka, tunaosha vidonda, tunamsaidia mzee kugeuka upande wa pili ili mgongo wake usiharibike.

Kazi kubwa ni kuhesabu. Kwa mpira wa serumu wa watu wazima, matone 20 ni mililita 1. Basi litri 1 inayopaswa kuisha kwa saa 8 inataka matone 42 kwa dakika. Tunasimama karibu na chupa, macho juu ya saa, midomo ikitikisika. Baba mmoja alimwambia mke wake, “Angalia, watoto hawa wanasali sana.” Hatukumsahihisha mara moja, maana tungepoteza hesabu.

Kuna sheria moja ambayo mwalimu wetu hairuhusu ivunjwe hata siku moja: shindano moja kwa mtu mmoja, kisha inatupwa. Sababu yake ilionekana katika inchi yetu yenyewe. Mwaka 1976, Kongo ilipoitwa Zaire, ugonjwa wa Ebola ulitokea Yambuku, upande wa kaskazini, katika hospitali ya misioni. Kila asubuhi zilitolewa shindano 5 tu kwa wagonjwa wote waliokuja, nazo zilipitishwa majini kati ya mtu na mtu. Ugonjwa ulipita kwa njia hiyo. Katika watumishi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa, na Masista wauguzi walikuwa miongoni mwao. Walikuwa watu wema, waliochoka kwa kuwatumikia wengine. Wema peke yake haukutosha. Tangu tuliposikia habari hiyo, hakuna mmoja wetu anayeona usafi kuwa jambo dogo.

Walinzi wa wagonjwa

Ninyi mliokwisha kulala hospitali mnajua ya kwamba mgonjwa haji peke yake. Katika hospitali zetu nyingi hapatolewi chakula. Basi mama, au dada, au shangazi anakuja naye, na sufuria, na mkeka, na bido ya maji, na kikwembe cha kujifunika. Mchana anapika uani, usiku analala chini karibu na kitanda. Watu hao ni walimu wetu wa pili. Mlinzi ndiye anayejua kwamba mgonjwa hakukojoa tangu jana. Ndiye anayetuambia, “Huyu amebadilika,” kabla termometa haijasema neno.

Kulikuwa na nkambo mmoja ambaye hakusema ila Kiluba. Sisi tunasema Kitabwa na Kiswahili. Kitabu chetu kinaamuru: mwulize mgonjwa maumivu yake yalianza lini. Hakikueleza tumwulize kwa kinywa cha nani. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuja kumlinda mume wake, alisogea, akamshika nkambo mkono, akatafsiri maneno yetu yote. Tangu siku hiyo alikuwa akifanya kazi hiyo kila asubuhi, bila kuombwa.

Usiku mmoja

Sasa tueleze habari ya usiku mmoja, maana bila hiyo hatungeandika ukurasa huu.

Saa mbili ya usiku baba mmoja alifika na mtoto wa kiume juu ya kinga yake, na mama akitembea nyuma. Walitoka kijiji cha mbali. Mtoto alikuwa na homa tangu siku nne. Kwanza walijaribu dawa za duka. Ilikuwa malaria kali. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na ndani ya kope vile vile. Alikuwa na kilo 12. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 za artesunati kwa kila kilo. Basi tulipima 36, na muuguzi mkubwa alichoma shindano ya kwanza. Ya pili ilipaswa kutolewa baada ya saa 12. Damu ilihitajiwa, mililita 20 kwa kila kilo, yaani 240. Baba alipimwa, damu yake ikalingana na ya mtoto, akatoa mkono wake.

Mama alituangalia sisi, si muuguzi mkubwa, kwa sababu sisi tulikuwa karibu. Alisema, “Munganga, mtoto atapona?”

Ndugu wasomaji, tungejibu nini? Tukisema “Atapona,” tunaahidi kitu kisicho mikononi mwetu. Tukinyamaza, tunamwacha peke yake. Mmoja wetu alijibu, “Mama, hatujui. Lakini hatutatoka hapa.”

Tukakaa. Mmoja alihesabu matone ya damu, mmoja alihesabu pumzi, mmoja alimpangusa mtoto kwa kitambaa, mmoja alishika taa maana umeme ulikuwa umekatika. Saa kumi ya usiku mtoto alikufa. Shindano ya pili tulikuwa tumekwisha kuiandika katika fishi: saa mbili ya asubuhi. Nafasi yake ilibaki bila alama.

Tulimwosha mtoto pamoja na mama yake. Maji tuliyapasha moto kidogo, kwa sababu mama aliomba hivyo. Alipokwisha kumfunga katika kikwembe, alituuliza, “Ninyi ni watoto wa wapi?”

“Wa Moba, Mama.”

“Mama zenu wanajua ya kwamba mnakesha hivi?”

Yule mama alikuwa amefiwa saa ile ile, naye aliwakumbuka mama zetu.

Kisha alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa feza iliyobaki ili atupe ya sabuni. Tulikuwa na njaa, hatutaki kuficha. Kule nyumbani kwetu ndagala zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Lakini feza ile ilikuwa ya kumlisha mtoto, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Tuliikataa. Tulipoona huzuni yake imezidi, tulipokea mihogo miwili aliyoitoa katika kapu, maana kumkatalia mtu vyote ni kama kumfukuza. Mihogo hiyo tulikula sisi wanne asubuhi ile, na saa moja tulikuwa tena mbele ya vitanda. Mgonjwa wa kitanda cha karibu alikuwa anangoja kupimwa homa yake.

Neno tulilojifunza

Zamani tulifikiri ya kwamba ugeni ni hasara ya staji: chumba kidogo, chakula kidogo, watu wasiotujua. Sasa tunaona namna nyingine. Mgonjwa ni mgeni kutuzidi sisi. Kitanda si chake. Saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kuamshwa, zote zinapangwa na wengine. Maneno yanayosemwa juu ya mwili wake hayafahamu. Mtu asiyetoka kwao hata siku moja angekawia kuyaona hayo. Sisi tuliyaona upesi, kwa sababu jioni tunarudi katika chumba kisicho chetu.

Watu wa ziwa letu wana mfano mkubwa wa jambo hili. Ni Adriano Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866, mbali sana, upande wa Timbuktu, karibu na mto Niger. Alipokuwa mtoto alikamatwa na kuuzwa utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa, karibu kuelekea Mpala. Alikaa pale akiwaponya watu mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka 67. Hakuzaliwa kwenye ziwa hili, hakujua lugha zetu, hakuwa na ndugu humu. Alijifunza kazi yake akiwa mgeni, akaifanya katika inchi ya kigeni, hata watu wakamhesabu kuwa mtu wao. Sisi tulio mbali na kwetu kwa miezi mitatu tutalia nini?

Tunayoyaomba

Wasomaji wapenzi, inchi yetu ina zoni za afya 519, na katika nyingi wako vijana wanaojifunza kazi hii. Tunawaomba mambo manne.

La kwanza: mtoto akipata homa, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile ya kwanza. Msingoje siku ya nne. Tuliyoyaeleza juu yanatosha.

La pili: msimpe mwanafunzi feza ya siri. Mlipe kwenye kasa na mdai karatasi. Mwanafunzi anayezoea kupokea kwa mkono wa nyuma atakuwa kesho muuguzi asiyemwona maskini. Mkitaka kumsaidia, mwiteni ale pamoja na watoto wenu, mchana, mbele ya watu wote. Sahani moja ya bukari mezani kwa watu inaondoa upweke wa juma zima.

La tatu: mkienda kumtazama ndugu yenu hospitali, angalieni pia kitanda cha pili. Pengine mgonjwa yule hana mlinzi. Pengine amekwisha kupona, lakini anabaki kwa sababu hakuna wa kumlipia deni lake; watu wa namna hiyo tunawakuta katika hospitali nyingi. Mpeni maji, mwulizeni jina lake. Na ninyi wa jumuiya ndogo za parokia, mkikusanya franka kidogo kidogo, mtu mmoja atarudi kwake kabla ya mwisho wa mwezi.

La nne: msituulize kama mgonjwa atapona, mkitaka tuseme ndiyo kwa vyovyote. Tuulizeni kama tutakaa naye. Hilo tunaweza kulijibu.

Staji yetu itakwisha, nasi tutapanda mtumbwi kurudi upande wa Moba, na madaftari yetu yametiwa sahihi. Wengine watakuja na kukodi chumba kile kile. Mkiwakuta asubuhi njiani, na makoti yao mikononi, wasalimuni.