Zaka na Miaka Mipya Minne



Desemba moja iliyopita tulisimama mimbarini, hapa Mpanda, tukawalaumu wale ambao kadi zao za zaka zilikuwa bado tupu. Baada ya Misa mzee mmoja, mkulima wa mahindi, alitufuata sakristia. Akasema kwa upole, "Baba Paroko, mvua ndiyo kwanza imeanza. Mbegu imo ardhini na ghala limebaki vumbi. Mwaka wetu hauishi Desemba, unaisha tukivuna." Tuliona haya, kwa maana tulikuwa tumemwaibisha mbele ya jumuiya yake.

Tuliporudi vitabuni tulikuta kwamba Wayahudi walilitambua jambo hilo zamani. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inataja miaka mipya minne. Tarehe 1 Nisani ni ya wafalme na sikukuu. Huo ndio mwezi wa Pasaka, ambao Kitabu cha Kutoka (12:2) kinauweka kuwa wa kwanza. Tarehe 1 Eluli ni ya zaka ya mifugo, ili mnyama ahesabiwe pamoja na wale waliozaliwa mwaka wake. Tarehe 1 Tishri ni ya kuhesabu miaka, pamoja na mwaka wa sabato na wa Yubile. Miti nayo ina siku yake, tarehe 15 Shevati, wakati sehemu kubwa ya mvua imekwisha kunyesha.

Ndugu zangu, tazameni hekima hiyo. Hesabu ya mfalme haikulazimishwa kwa mwana-kondoo, wala ya kondoo kwa mti. Kila kiumbe kilidaiwa kwa majira yake. Nasi tunayo miaka yetu: Januari ya kalenda, Julai ya bajeti ya Serikali, Dominika ya kwanza ya Majilio ya Kanisa, na mvua ya Novemba ya mkulima wa Katavi. Yote ni ya Mungu mmoja.

Basi tunamwomba mzee wetu msamaha hadharani, kama tulivyomlaumu hadharani. Mkulima na alete zaka yake baada ya mavuno, na aliyekosa mavuno asihesabiwe mdeni. Lakini nasi tujihoji: ghala likijaa mwezi Juni, tusije tukasema, "Tusubiri Desemba."

Mungu awabariki. Dominika njema.