Kompresa Niliyoiua Mwenyewe

Kompresa ya AC ya gari niliyonunua Gatsata, Kigali, haikuwa mbovu. Niliiua mwenyewe uani kwangu, Cyanzarwe, kisha nikapanda basi hadi Kigali kumdai aliyeniuzia anirudishie pesa. Nilipokuwa nikimdai, ukweli nilikuwa naujua tayari. Hilo ndilo ninaloliungama. Mengine ni ya spana na mabomba, ingawa nayo yana aibu yake, maana mimi ni mwalimu wa fizikia.

Watu huniuliza AC ya nini Rubavu. Swali lina haki yake: Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Cyanzarwe iko juu zaidi, na jioni tunavaa masweta. Jibu ni kioo cha mbele. Ukitoka huku kwenda Musanze unaipanda Nyabihu, na pale Mukamira mvua na ukungu hukutana. Gari likiwa na watu watano wanaopumua, kioo kinageuka cheupe kwa ndani. AC hukausha hewa, ukiiwasha kioo kinafunguka. Asiye nayo anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitambaa. Shemeji yangu hupeleka abiria Kigali kwa Corolla yangu, kwa hiyo kompresa ya zamani ilipoanza kusaga, ikapiga kelele, ikakwama, haikuwa habari ya anasa.

Fundi wa mjini alinitajia bei ya kazi, nikaiona kubwa. Nikajiambia, kwani kompresa ni kitu gani? Boliti chache, mkanda, waya na mabomba mawili. Na kweli, kuifungua ndivyo kulivyo. Mtu mwenye spana zake na jeki ya kuaminika anaitoa asubuhi na chakula cha mchana kinamkuta ameshafunga nyingine. Ugumu uko kwenye visivyoonekana: gesi, oili, unyevu wa hewani na unga wa chuma.

Nilianza kuharibu kwenye gesi. Gari dogo hubeba karibu nusu kilo ya R-134a, nayo inatakiwa inyonywe kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi. Mimi nililegeza bomba kwa spana nikaiacha iende zake. Ilipiga mluzi mrefu, kuku wakakimbia, na ngozi ya kidole changu ikaungua kwa baridi, kwa sababu gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inapotoka hunyang'anya joto chochote kilicho karibu. Kidole kilipona.

Tarehe 15 Oktoba 2016, nchi karibu 200 zilikubaliana Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo hiyo. Marekebisho yale ya Itifaki ya Montreal yanaitwa kwa jina la mji wetu mkuu, nami huyafundisha darasani. Huwaambia wanafunzi kwamba R-134a haili tabaka la ozoni kama ilivyokuwa gesi ya zamani, R-12, lakini kilo yake moja huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi. Nusu kilo niliyoiachia uani ni kilo 700 na ushei, yaani moshi wa petroli lita 300. Hesabu hiyo ningeweza kuipiga nikiwa nimeshika spana. Sikuipiga.

Kosa la pili lilikuwa uchu wa kubana matumizi. Kompresa inayokufa kwa kusagika haifi peke yake. Unga wake wa alumini husukumwa mbele na gesi, ukaingia kwenye kondensa, ukaziba vitundu vya valvu, ukatulia kwenye draya, kile kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu. Ukifunga kompresa mpya bila kuosha mabomba na kubadilisha draya, unga ule utazunguka na kuirudia. Kondensa za siku hizi zina njia nyembamba mno kiasi kwamba mara nyingi hazioshwi, hubadilishwa. Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Niliisoma, nikaikunja, nikaifanya ya kufutia mikono. Isitoshe niliacha mabomba wazi usiku kucha, kwenye ua wa changarawe nyeusi ya volkano ambapo upepo hauachi kitu mahali pake. Draya iliyoachwa wazi hivyo hunywa unyevu mpaka ikashiba, na kuanzia hapo haina kazi tena.

Pampu na geji niliazima kwa fundi wa friji wa Mbugangari. Ni mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, draya umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Na mabomba umeyaosha?"

"Yako safi."

Akanipa vifaa bila kuuliza zaidi. Kumbe kudanganya mtu anayekuamini ni rahisi namna hiyo.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma kama mwalimu. Kabla ya kujaza gesi mpya, pampu huachwa inyonye hewa yote ndani ya mfumo, ili maji yaliyojificha humo yachemke bila moto na kutoka yakiwa mvuke. Video niliyokuwa naifuata ilitengenezwa na Mmarekani anayekaa karibu na bahari. Alisema sindano ya geji ishuke hadi inchi 29 za zebaki, na isipofika hapo kuna mahali panavuja. Yangu ilifika 24 ikagoma. Nikasubiri, ikagoma. Nikaamua panavuja. Nikaanza kufungua viungo na kuvikaza upya, kila mara kwa nguvu zaidi, nikiilaani pampu ya watu.

Hapakuwa panavuja popote. Geji ya aina ile hupima tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani. Kando ya bahari hewa ya nje inabeba zebaki karibu inchi 30. Kwenye ufuko wa Kivu ni kama 25, na ukipanda kuja kwetu inazidi kupungua. Kwa hiyo 24 yangu ilikuwa ombwe zuri kabisa, pampu imemaliza kazi na inangoja kuzimwa. Torricelli na bomba lake la zebaki nimewachora ubaoni kila mwaka, na mtihani wa mwisho niliotunga ulikuwa na swali la kwa nini zebaki inashuka unapopanda mlima. Wanafunzi walilijibu.

Katika kukaza ovyo ndipo nilipolitengeneza tundu nililokuwa nikilitafuta. Oringi moja, ile pete ya mpira ya kwenye kiungo, ilibanwa vibaya ikakatika kidogo, ufa ambao macho hayauoni. Nikajaza gesi, AC ikapoza, nikaenda na gari shuleni na kufungua boneti mbele ya walimu wenzangu. Mmoja aliniomba nimtengenezee na ya kwake. Namshukuru Mungu hakuwa na haraka.

Gesi ikawa inatoka polepole. Kompresa ya gari haina sampo ya oili kama injini. Oili husafiri pamoja na gesi, ikizunguka mfumo mzima na kurudi kulainisha pistoni, na gesi ikipungua oili hairudi ipasavyo. Ongeza unyevu, ambao ukikutana na oili na gesi huzaa asidi, na ule unga wa kompresa ya kwanza. Baada ya wiki chache tu ilikwama barabarani, na mkanda ukatoa moshi shemeji akiwa na abiria.

Yule fundi wa Mbugangari alikuja nyumbani. Alivuta kwanza gesi iliyobaki akaiweka kwenye mtungi, akafungua bomba, akaingiza kidole, kikatoka na tope la kijivu linalometameta. Akanionyesha oringi. Kisha akaipata draya ya zamani mahali pake pale pale, na kutu yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, hii hujabadilisha," akaanza kukusanya vifaa vyake. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba nilikwenda Kigali kwa kutojua.

Nilikwenda kwa sababu pesa ilikuwa imeniuma na kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu. Dukani nilipandisha sauti mbele ya wateja. Nilisema nimeuziwa kitu bandia. Mwenye duka aliuliza lile lile la fundi, kama kondensa iliangaliwa na draya ilibadilishwa, nami nikarudia uongo ule ule, safari hii kwa ukali zaidi, kama mtu aliyeonewa. Aliitazama kompresa, akanitazama, akanirudishia nusu ya bei. Nadhani alijua. Wenye maduka ya spea wameona wengi wa aina yangu, na mteja anayepiga kelele mlangoni huwagharimu zaidi ya nusu kompresa.

Niliporudi sikunyamaza. Katika chumba cha walimu, kituo cha mabasi, hata kwenye harusi ya jirani, nililitaja duka lile kwa jina na kuwaonya watu. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akitafuta dainamo aliliepuka kwa sababu yangu, akanunua kwingine kwa bei kubwa zaidi, kisha akanishukuru kwa ushauri. Shukrani ile ndiyo iliyonishinda.

Nimerudi Gatsata. Nilimpa mwenye duka pesa yake, nikamweleza yote kuanzia draya hadi oringi, kisha nikanunua kompresa nyingine kwake. Aliuliza swali moja tu: "Safari hii anafunga nani?" Amefunga fundi. Alibadilisha kondensa na draya, akapaka kila oringi oili kabla ya kuiingiza, na gesi mpya akaipima kwa mizani. Gharama yake ilizidi ile bei niliyoikimbia mwanzo. Fundi wa Mbugangari nimemwomba radhi, na swali la zebaki nimelitoa kwenye mtihani kwa sasa, maana wanafunzi wameisikia hadithi na wanacheka.

Nilipokuwa nikichafua jina nilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko nitakaoweza kuwafuata mmoja mmoja. Kama nawe ulinisikia nikilisema vibaya duka lile, kituoni au harusini, tafadhali lifute neno langu, na uliyemfikishia naye mwambie hivyo hivyo. Mwenye duka aliuza kitu kizima. Mwongo nilikuwa mimi.