Kwa Pikipiki Hadi Garsen

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, msafara wetu wa pikipiki ulivuka daraja la Sabaki, ukaiacha Malindi nyuma. Tuliipita Mambrui, kisha Gongoni penye chumvi, halafu nyika tupu na upepo. Sisi wake tulipakiwa nyuma ya waume zetu, mabuibui tumeyakusanya na kuyafunga kwa leso kiunoni; upindo ukinaswa na gurudumu humwangusha mtu, jambo ambalo abiria wa bodaboda mijini hulisahau mno.

Minjila tuliiacha njia ya Lamu, ile iliyofunikwa na mafuriko ya Novemba 2023 hata wasafiri wakavushwa kwa mashua, tukaingia Garsen. Huko tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kasri, kwani tulikuwa tumeshapita kilomita mia. Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini, ulikuwa umetulia, rangi ya udongo, usiweze kuudhania ubaya.

Kijana mmoja wa bodaboda alizizunguka pikipiki zetu, akauliza kwa adabu kila moja hubeba magunia mangapi ya mpunga. Waume zetu wakatazamana. Yake, kuukuu, ilikuwa imefungwa mawili.