Alama ya Kijani Iliyonidanganya

Najua nimepotea, Shangazi kafikia kupiga simu kuuliza kama bado nipo hai. Nipo, Shangazi. Ni kibarua tu, na aibu kidogo ambayo leo naitua hapa.

Wengi mnaniuliza kazi yangu huku Uingereza ni ipi hasa. Natengeneza programu za ofisini bila kuandika msimbo mwingi: unaburuta vitufe, unaunganisha na orodha, mambo yanaenda. Tunatumia Power Apps ya Microsoft. Sasa programu haitengenezwi pale pale inapotumika. Kuna mazingira ya kutengenezea, ya kujaribia, na ya kazi yenyewe. Kama pilau ya harusi, mpishi haendi kujifunzia kwenye sufuria la wageni. Siku ya kuhamisha unaifunga programu na vikorokoro vyake kwenye furushi moja liitwalo solusheni, faili la zip, unalitoa huku na kulipandisha kule.

Basi bwana, nikahamisha programu ya wafanyakazi wa usafi ya kuandikia saa za ziada. Ijumaa jioni (msinicheke). Hakuna kosa hata moja, alama ya kijani ikawaka. Nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya mshahara, mama mmoja wa Mombasa, yule anayetupelekea maandazi kila Idi, akaniambia pesa yake ya ziada haimo. Usiku mzima anasugua sakafu za watu, na ile pesa ndiyo ilikuwa ada ya mwanawe. Hakujua kwamba programu ile ni kazi ya mikono yangu. Nami sikumwambia siku ile.

Nilichokikuta ni hiki. Ndani ya solusheni kuna vibadiliko vya mazingira, vinavyoshika mambo yanayotofautiana kila mahali, mfano orodha ipi iandikwe. Kibadiliko kina thamani ya awali na thamani ya sasa. Ile ya sasa, iliyoelekea orodha ya majaribio, niliisahau ndani ya furushi. Ikisafiri nayo, mfumo wa kule hauna haja ya kukuuliza kitu, unaichukua ilivyo. Ningeiondoa kwenye solusheni kabla ya kuitoa, na thamani ya awali nikaiacha tupu, ningeulizwa. Kwa hiyo saa za watu ziliandikwa vizuri kabisa, ila kwenye orodha isiyotazamwa na mtu, katikati ya majina yangu ya uongo.

Kwa pupa nikafanya la pili: nikarekebisha ule mtiririko kwa mkono, kule kule kwenye kazi. Mdogo wangu uliyeanza mambo haya Dar, hapa sikiliza. Solusheni iliyofungwa isiyohaririwa ukiigusa juu kwa juu, unaitandikia tabaka jipya. Wiki iliyofuata nikaleta toleo sahihi, kijani tena, na hakuna kilichobadilika! Toleo jipya lilikuwa chini, limefunikwa na kiraka changu. Mpaka nilipoliondoa lile tabaka la juu ndipo likaonekana.

Siku hizi sigusi kitu kule. Narekebisha kwenye kutengenezea, kisha nahamisha. Miunganisho naifunga kwa akaunti ya huduma, si yangu, maana siku nikiondoka programu isiondoke nami. Na alama ya kijani siiamini. Nikishahamisha naandika saa moja ya majaribio, naifuata kwa macho mpaka nione imeangukia wapi, ndipo naifuta. Na Ijumaa sihamishi.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mama kumweleza. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alicheka kwanza, "Kumbe ni wewe, mwanangu!" Kisha akanyamaza, akauliza, "Na wenzangu je?"

Nilikuwa nimeshahesabu. Watu kumi na mmoja walipunjwa, aliyeuliza ni yeye peke yake. Wengine waliona pesa imepungua wakadhani ndivyo ilivyo huku. Ofisi imewalipa kumi. Wa kumi na mmoja alishaacha kazi na kuhama mji, na simu yake haipatikani. Bado tunamtafuta.