Tulipima Gari Likiwa Tupu

Tunaandika haya tukiwa na daftari la gari la msikiti mezani. Katika ukurasa wake wa kwanza ipo sahihi yetu, sisi katibu, chini ya maneno haya: "Kazi ya springi na shokapu imekamilika." Haikuwa imekamilika. Wiki tatu baada ya sahihi hiyo, bibi mmoja wa jamaa yetu alilazwa hospitalini kwa ufa katika pingili ya uti wa mgongo, alioupata akiwa ameketi kiti cha nyuma cha gari hilo.

Gari lenyewe ni Toyota Noah, wakfu wa Muislamu mmoja aliyelinunua likiwa limetumika Japani na kulishusha katika bandari ya Dar es Salaam. Sharti lake lilikuwa jepesi kulitamka: libebe wanafunzi wa madrasa, wagonjwa na waendao mazikoni, hususan katika vijiji vya milima ya Uluguru ambako ndugu zetu wengi wanaishi. Anayeijua Morogoro anafahamu uzito wa sharti hilo. Mji umelala chini ya kilele cha Lupanga, nao msikiti wetu uko bondeni, lakini misiba na ndoa zetu ziko juu: Kiroka, Mkuyuni, Kinole, Tawa. Upande huo wa mashariki wa milima ndio upokeao mvua nyingi zaidi, na ndiyo maana hustawisha mdalasini, karafuu, pilipili manga na migomba. Mvua hiyo hiyo inayostawisha mdalasini huichimba barabara.

Gari lilipofika tulistaajabu kuliona limelala karibu na ardhi kama paka anayenyemelea panya. Huko lilikotoka, mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameondoa springi za kiwandani na kuweka zile ambazo vijana huziita koilova. Kwa wasiozijua: bomba la shokapu la mbele huchongwa nyuzi kama za parafujo, na juu yake huwekwa pete inayoikalia springi. Ukiizungusha pete kupanda, gari linainuka. Ukiizungusha kushuka, gari linachuchumaa. Nyuma, katika Noah yetu, springi imekaa peke yake mbali na shokapu, nayo ina pete yake ya kupandishia. Juu ya kila shokapu kipo kitufe cha kuzungusha kinacholia "tik, tik", na kila mlio ni daraja moja la ulaini au ugumu. Zetu zina madaraja 16.

Kamati ikagawanyika. Mzee mmoja, mweka hazina wetu wa zamani, alisema tuyauze madude hayo na kununua springi za kawaida kama kiwanda kilivyokusudia. Vijana wakasema kifaa cha kurekebishika ni neema: kitapandishwa kitoshe mlimani. Tuliwaunga mkono vijana, na tukiri kwamba sababu mojawapo ilikuwa kutolipa fedha. Hata leo, Muislamu akituuliza kuhusu gari lake la familia, tutampa jibu la yule mzee. Springi mpya za kiwandani na shokapu nzima humtosha aghalabu ya watu, tena hazimdai elimu wasiyokuwa nayo.

Tulilipeleka gari gereji moja mjini. Tulikwenda watatu: dereva, kijana wa kamati na sisi. Fundi akazipandisha pete, akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, akazipandisha tena kidogo, mpaka gari likasimama sawasawa kama meza. Likapendeza. Kisha akauliza, "Shokapu niziweke laini au ngumu?" Tukajibu kwa pamoja, kama watu waliokariri, "Ngumu! Hii ni ya mlimani." Akavikaza vitufe hadi madaraja mawili tu kabla ya mwisho. Tulilipa, tukatia sahihi. Hatumlaumu. Alifanya tulichomwagiza, na wala hatukumwambia kwamba gari lile litabeba watu wanane.

Safari ya kwanza nzito ilikuwa ya mazishi, kuelekea Kinole. Ndani walikuwamo dereva na watu saba, wengi wao wazee, na buti lilijaa sufuria na mchele wa msiba. Watu wanane wa kilo 60 ni kilo 480 kabla hujahesabu sufuria. Tulipoiacha barabara ya Matombo na kuanza kupanda, gari likaanza kubisha nyuma. Likabisha kwenye matuta madogo madogo yaliyofuatana, yale yanayofanana na ubao wa kufulia, na kila tuta lilibisha zaidi ya lililotangulia. Kisha tukafika penye mfereji wa mawe uliokatiza njia. Dereva alipunguza mwendo, wala hatusemi alikuwa anakimbia. Nyuma pakalia kama nyundo juu ya fuawe. Bibi alisema "Laa ilaaha illallah," kwa sauti ya chini, akanyamaza. Hakulalamika hadi tulipofika, akashindwa kusimama.

Tulipokwenda kumjulia hali wodini, tulimpa shikamoo na kumwomba radhi. Akatuitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Siku nyingine mwambieni dereva anijulishe mapema likija shimo, nijishike." Hakusema zaidi. Tulitoka pale tukiwa tumepungukiwa na maneno. Yeye alikwisha kuona kwamba wajibu wa kujilinda ni wake, ilhali aliyeipokea amana alikuwa sisi.

Safari hii tulitafuta fundi mwingine, mtu mzima mwenye haya na maneno machache. Alilitia gari juu ya shimo la gereji, akaingia chini na tochi, akatuita tushuke naye. Akatuonesha mipira miwili midogo iliyowekwa nyuma ili chuma kisigonge chuma. Ilikuwa imepasuka yote miwili. "Gari lenu lilikuwa linakalia hii," akasema, "halikalii springi."

Akatueleza jambo ambalo tungelijua mapema, tusingejibu "ngumu" kwa pamoja. Shokapu haibebi gari. Gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kuminywa. Ikikazwa kupita kiasi, huichelewesha springi kurudi. Tairi hupanda tuta, springi ikaminyika. Kabla haijanyooka, tuta la pili limefika, ikaminyika tena kuanzia pale ilipokwamia, na la tatu vivyo hivyo. Gari huzama hatua kwa hatua bila aliyemo kutambua, na shimo kubwa linapofika hakuna tena nafasi iliyobaki. Ndiyo maana ya kule kubisha kulikozidi tuta baada ya tuta. Ugumu tuliodhani ni nguvu ndio ulioimaliza nafasi ambayo mgongo wa bibi uliihitaji.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Lilipimwa likiwa na nani ndani?"

Basi siku ya Jumamosi, baada ya swala ya Adhuhuri, tuliwaomba waumini wanane wapande gari uani mwa msikiti, mahali palipo sawa kabisa, tulipopathibitisha kwa pimamaji ya mwashi. Upepo wa matairi ulikuwa umesawazishwa kwanza. Imamu wetu, ambaye Allah amemjaalia mwili, alikaa kiti cha katikati, na watoto wa madrasa wakacheka hadi ustadhi wao akawatazama. Fundi alipima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, likiwa tupu na likiwa limejaa, nasi tukaandika. Kila baada ya vipimo alilisukuma gari mbele na nyuma na kulitikisa, ili springi zikae mahali pake, kwani gari lililotoka kwenye jeki husimama juu kwa uongo. Nyuma lilishuka milimita 58 waumini walipoingia. Kati ya mpira wa kinga na chuma ilibaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja.

Watu wakashuka, gari likainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi, maana pete haizungushwi ikiwa imebeba uzito, nyuzi huchanika. Akazisafisha nyuzi kwa brashi na mafuta, akazungusha pete za nyuma raundi kumi kila upande. Katika vifaa hivi raundi moja ni milimita mbili. Tulipopima tena, bodi ilikuwa imepanda milimita 24 badala ya 20, kwa kuwa springi ya nyuma haikukaa sawa na gurudumu bali mbele yake kidogo. Mbele alipandisha kidogo tu. Kijana wa kamati alitaka ziende hadi mwisho, fundi akakataa. Ukipandisha mno, akasema, shokapu hukaa ikiwa imenyooka yote. Gurudumu likifika penye shimo halina pa kushukia, linaning'inia hewani, na mguu wa ekseli unapinda kwa pembe isiyo yake. Hivyo gari likiwa tupu leo limeinua mkia kidogo, na wapo wanaolicheka. Likijaa linakaa sawa.

Lipo jambo moja ambalo tunamwomba kila mwenye gari alidai kwa fundi wake. Mikono inayoshika magurudumu imefungwa kwa bushi za mpira, na mpira huo umegandamana na chuma. Gari likibadilishwa urefu, bolti za bushi hizo lazima zilegezwe, kisha zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limening'inia kwenye stendi, mpira hujisokota siku zote gari litembeapo, na haukawii kukatika. Kuna mafundi wanaoziruka hatua hizi, kwa sababu mteja hazioni.

Ugumu wa shokapu tuliutafuta kwa kuendesha. Fundi alivifunga vitufe vyote hadi mwisho, kisha akahesabu kurudi nyuma, kwa kuwa mwisho wa kufunga ni mahali pasipobadilika. Tulianza na laini, tukapita kipande kile kile cha barabara ya Bigwa kwa mwendo ule ule, tukirudi na kubadilisha madaraja mawili kwa mara moja, kulia na kushoto sawa. Laini mno, gari liliyumba kwenye kona kama mtumbwi, na mtoto mmoja akatapika, Allah amjaalie afya. Tulitua kwenye daraja la tisa mbele na la saba nyuma. Siku hiyo hiyo magurudumu yalipangwa upya, maana kubadili urefu wa gari hubadili uelekeo wa matairi, na tairi lililopinda huliwa upande wa ndani, usioonekana mpaka lipasuke. Usiku, baada ya Isha, tulisimamisha gari mbele ya ukuta wa msikiti na kuzishusha taa. Mkia ukizama kwa mzigo, taa hutazama juu, na mwenye bodaboda anayeshuka kutoka Kiroka hupofuka.

Gharama ya kazi yote, pamoja na mipira mipya, ilitolewa katika fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya tangi la maji ya udhu. Mzee mweka hazina alilisema hilo katika kikao, na alikuwa na haki ya kulisema. Tangi halijanunuliwa hadi leo.

Tangu siku hiyo daftari lina safu nne: tarehe, mzigo, vipimo, na aliyepima. Kila baada ya safari ya milimani matope huoshwa kwenye pete na nyuzi hupakwa grisi, la sivyo masika moja inatosha kuzigandisha. Tunakiri kwamba mara mbili tulisahau.

Bibi alipata nafuu baada ya miezi kadhaa, ingawa sasa hatembei bila mkongojo. Mwezi uliopita alituma mjukuu wake kutuambia kwamba anataka kwenda Kinole kumwona dada yake. Tuliogopa. Tulimwendea nyumbani, tukamweleza kwa ukweli kilichokuwa kibovu na kilichorekebishwa, tukamwambia kwamba ana haki ya kukataa gari letu. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nitakaa wapi?" Tukamjibu kiti cha katikati, mbele ya magurudumu ya nyuma, si juu yake. Akaridhika.

Tulikwenda naye tukiwa watu sita. Penye mfereji wa mawe dereva alisimama kabisa, akageuka, akamwambia, "Bibi, jishike." Alikwisha kujishika, macho ameyafumba. Gurudumu la mbele likashuka na kupanda, kisha la nyuma, pakasikika maji tu chini yetu. Akakaa hivyo hivyo kwa muda.

"Bado?" akauliza.

"Tumeshapita, bibi."

Wakati wa kurudi dada yake alimpa mikungu miwili ya ndizi na kifurushi cha mdalasini. Tukaipima kwa mizani ya duka la pale kijijini, tukaiandika katika safu ya mzigo.