Buibui aliyenihamisha kitandani kwangu

Mimi si mtu wa kuogopa wadudu, jamani. Nimelelewa na bibi Tanga, kwenye nyumba ya makuti iliyokuwa na nge, tandu na mende wa kila saizi, na kwetu buibui hakuwa adui hata kidogo. Bibi alikuwa hataki auawe. Alituhadithia kwamba buibui ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango alimojificha Mtume na Abubakar, maadui wakafika, wakaona utando mzima haujakatika, wakasema humu hajaingia mtu, wakaondoka zao. Ukikutwa na fagio umemwangusha buibui, unasemwa mpaka magharibi. Nge ua, tandu ua, buibui mwache alivyo.

Ndo maana ile Jumamosi ya Agosti 2022 wala sikushtuka. Tulikuwa tumehamia Mbezi kama mwezi hivi, na maboksi ya magazeti yangu ya zamani (mhariri ana mali gani nyingine?) yalikuwa bado yamepangwa ukutani chumbani, hayajafunguliwa. Jinsi yangu ilikuwa imelala juu ya boksi moja siku mbili. Nikaivaa haraka haraka, nikahisi kitu kama sindano kwenye paja la kushoto, upande wa ndani. Nikaivua, nikaikung'uta, akadondoka mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, mwili kama harage, miguu mirefu myembamba. Nikampiga na kandambili, nikamwomba bibi msamaha kimoyomoyo, dada wa kazi akafagia. Pajani palikuwa na kialama chekundu tu. Nikaivaa ile ile jinsi nikaenda zangu saluni, maana jioni kulikuwa na kitchen pati ya shoga yangu.

Maumivu yalianza nikiwa nimekaa mezani, somo anamfunda bibi harusi. Saa tatu usiku hivi. Yalianza kama muwasho, kisha kama mtu ananichoma na pasi kutokea ndani. Nilicheza mduara nimeng'ata meno. Asubuhi yake nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona mwilini mwangu: katikati pameiva bluu ya zambarau, pembeni pamepauka, halafu kote kumezungukwa na wekundu ambao ulikuwa unashuka kuelekea goti.

Sasa hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Wifi yangu alisema jipu, nikande na maji ya moto ya chumvi. Nikakanda siku mbili, tena kwa bidii. Jirani akasema nyumba hii waliokaa kabla yetu hawakukaa vizuri. Mama mkwe akapiga simu kutoka Singida kuuliza kwa upole kama kuna mtu nimekosana naye kazini. Binamu wa mume wangu akajitolea kuniletea lile jiwe jeusi la kunyonya sumu. Na mume wangu mwenyewe? Alikuwa ameondoka Jumapili alfajiri kwenda Mbeya kikazi, wiki tatu. Nilimwambia kwenye simu kuna kamdudu kameniuma, wala asijali.

Jumatatu nilikwenda zahanati moja ya karibu. Tabibu akaangalia, akasema jipu, akaliminya. Msomaji wangu, nimezaa watoto wawili, lakini siku ile nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia. Haukutoka usaha wowote, yalitoka maji ya damu tu. Usiku ule nikapata homa na baridi ya kutetemesha. Kufika Jumatano pameota lengelenge, chini yake panageuka rangi ya mkaa. Hapo nikaacha kusikiliza majirani, nikachukua bajaji mpaka barabara kubwa, nikaenda mjini kwa daktari wa ngozi.

Nilikuwa nimejiandaa aniambie vyovyote. Swali lake la kwanza likanichekesha.

"Huyo buibui yuko wapi?"

"Amefagiwa, Dokta."

"Ungeniletea dada yangu, hata miguu."

Kumbe hakuwa anatania. Aliniambia watu wengi wanaokuja kwake na kidonda wakisema wameumwa na buibui hawajamwona buibui yeyote, na mara nyingi ni bakteria wameingia kwenye ngozi, basi. Hata angenipima damu, hakuna kipimo cha kawaida cha kumwambia ni buibui gani. Mimi nilimwona, nilimtoa ndani ya suruali yangu, na jinsi kidonda kilivyokwenda hatua kwa hatua kulimfanya amfikirie buibui mmoja ambaye Wazungu humwita kwa jina la fidla, kwa sababu wengi wao wana alama ya umbo hilo mgongoni. Ana macho sita badala ya manane ya buibui wengi. Jamii hiyo ipo Afrika, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Si mkali, ni mwoga. Anapenda sehemu kavu zisizoguswa: nyuma ya picha, kwenye makabati, ndani ya maboksi. Haumi mpaka abanwe kwenye ngozi ya mtu, kwenye nguo au shuka, na aking'ata mtu anaweza asisikie sana. Maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa. Lakini kwenye faili aliandika "inadhaniwa". Nilimheshimu kwa neno hilo moja kuliko wote walioniambia kwa uhakika.

Sumu ya huyu mdudu, alinieleza, inaharibu vijishipa vidogo vya damu chini ya ngozi, nyama ya hapo inakosa damu, inakufa. Kile cheusi nilichokuwa nakiona ilikuwa nyama yangu mwenyewe imekufa. Na yale maji ya moto ndiyo yalikuwa kinyume kabisa cha kilichotakiwa. Mguu ulihitaji kupumzishwa, kuinuliwa, na kukandwa na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza mbona asikikate hicho cheusi tukamaliza? Akasema ukikata mapema hujui mpaka wa kilichokufa na kilicho hai, unaweza ukaongeza kidonda. Tusubiri gamba likauke, lijitenge lenyewe. Akanichoma sindano ya pepopunda, akaniandikia antibayotiki kwa sababu pale palipominywa palikuwa pameshaingia uchafu, akaniuliza maswali mengi kuhusu mkojo. Kuna wachache, hasa watoto, ambao sumu hiyo inavunja chembe zao nyekundu za damu, na dalili mojawapo ni mkojo kuwa mweusi kama Coca-Cola. Wiki nzima nilikuwa nachungulia choo kabla ya kumwaga maji. Ulikuwa wa kawaida. Alhamdulillah.

Akaniambia jambo lingine: wengi wa wanaoumwa na huyu buibui hupona bila kidonda kikubwa. Mimi nilikuwa kwenye wale wasio na bahati, na kuminywa hakukunisaidia.

Basi nikaanza kungoja. Hakuna kitu kigumu kwa mtu wa dedilaini kama kuambiwa subiri. Gamba lilikuwa jeusi, gumu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, kisha likapanuka kidogo, likaanza kujitenga pembeni. Toleo la mwezi lilikuwa linakwenda kiwandani, nahariri nimelala, mguu juu ya mito mitatu, kompyuta tumboni. Usiku silali, nasoma habari za buibui kwenye simu, kazi ambayo simshauri mgonjwa yeyote aifanye saa nane usiku. Nikajua kwamba duniani wameshaorodheshwa buibui wa aina zaidi ya 50,000, karibu wote wana sumu, na wanaoweza kumdhuru binadamu ni wachache mno. Nikajua kwamba Australia kuna mmoja wa kule Sydney aliyekuwa akiua watu, mpaka ilipopatikana dawa ya kuzima sumu yake mwaka 1981. Nikawa namtazama dari mpaka alfajiri.

Mume wangu akarudi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Alirudi wiki ile ambayo gamba lilikuwa limeanza kuachia, na jamani, kidonda cha namna ile kina harufu. Hata ukikisafisha vipi. Nilikuwa najisikia kama nimeoza. Mimi ndiye ninayewaandikia wanawake wenzangu kila mwezi wajipende, wajipulizie marashi, wafukize udi, wamngojee mume wakiwa kama maua! Nikaona haya. Nikamwambia kile kidudu kilishapona, halafu nikahamia chumba cha watoto. Nikasingizia mdogo anakohoa. Nikawa nalala na suruali ya michezo. Akinigusa mguu naruka.

Yeye si mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Ya nne akaniuliza, "Mama watoto, kuna nini?" Nikasema kazi. Ya sita nikamsikia sebuleni anamuuliza dada wa kazi kama kuna mgeni yeyote alikuwa anakuja nyumbani wakati yeye hayupo.

Msomaji, niliposikia lile swali nilikasirika. Nilitoka mle chumbani nachechemea, tukagombana mbele ya taarifa ya habari, mambo ya mwaka jana yakaja, ya harusini yakaja, mpaka ya mkopo wa kaka yake. Akasema mwanamke akianza kulala na suruali kwenye nyumba yake mwenyewe, mume afikirie nini? Na kweli, nikijiweka upande wake, angefikiria nini? Nikaishusha ile suruali palepale sebuleni, nikabandua bandeji.

Alikaa kimya. Halafu akapiga magoti kwenye zulia akapaangalia kwa karibu, kama fundi anavyoangalia injini. Nilitegemea ageuze uso. Akauliza, "Hiki unakisafisha na nini?"

Kuanzia usiku ule ndiye alikuwa anabadilisha bandeji. Alikuwa mzito wa mkono siku za mwanzo, anabandua plasta kama anang'oa msumari, lakini akajifunza. Saa mbili na nusu, baada ya watoto kulala, maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, shashi, bandeji. Anavaa glavu, anawasha tochi ya simu. Ananieleza anachokiona, kwa sababu mimi nilikuwa sipendi kuangalia: leo pembeni pekundu vizuri, leo kuna unyevu kidogo, leo kimesogea. Siku gamba lilipodondoka, wiki ya sita, liliacha shimo ambalo lingeingia kidole gumba, na mimi nikalia. Yeye akasema chini kuna nyama nyekundu, mbona pazuri. Sijawahi kusikia mwanaume akisifia kitu cha ajabu namna hiyo, na katika miaka kumi na moja ya ndoa sikumbuki sifa iliyonigusa zaidi.

Shimo lilijaa kutokea chini kwenda juu, polepole. Daktari alikuwa amenitayarisha kwamba huenda wakatoa ngozi sehemu nyingine kuja kuziba, lakini haikufika huko. Ilikuwa Desemba ndipo nilipoacha bandeji kabisa. Nilitembea na mguu mgumu kama wiki tatu hivi, na mpaka leo ile sehemu ikiguswa nasikia ganzi pembeni na muwasho katikati. Kovu limedidimia, linang'aa, kama alama ya kidole kwenye mshumaa. Sijavaa kaptula tangu siku hiyo, sitasema uongo. Ufukweni navaa kanga.

Kuna jambo moja bado linanikaa rohoni. Januari 2023 nilifungua yale maboksi, nimevaa glavu na soksi juu ya suruali, mume wangu amesimama na kandambili. Ndani ya moja wapo nikakuta toleo la zamani, la mwaka 2014, enzi hizo mimi ni mhariri msaidizi. Ukurasa wa afya ulikuwa na makala ya huduma ya kwanza kwa walioumwa na wadudu wenye sumu. Ilishauri ufunge kamba kwa nguvu juu ya jeraha, uchanje na wembe, unyonye sumu uiteme. Vyote vitatu vinaweza kumletea mtu madhara kuliko mdudu mwenyewe. Niliifahamu kalamu iliyoipitia. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeweka koma zote mahali pake.

Sijui nani aliisoma. Sijui kama kuna mama aliyemchanja mwanawe kwa wembe kwa sababu yangu. Tulichapa sahihisho Machi 2023, nusu ukurasa, na bosi aliniambia hakuna anayekumbuka makala ya miaka tisa iliyopita. Mimi nakumbuka, kwa hiyo narudia hapa: usifunge, usichanje, usinyonye, usikande na moto. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu ndani ya kitambaa, pumzisha kiungo, vua pete na bangili kabla hapajavimba, na uende hospitali, hasa akiwa mtoto. Ukiweza, mchukue mdudu kwenye kikopo, hata akiwa amepondeka. Usimpe dada afagie.

Nguo sasa zinakung'utwa kila asubuhi nyumbani kwetu, mpaka sare za shule. Mume wangu anakung'uta zangu kwanza, mara mbili, ndipo ananirushia. Na juu ya dirisha la bafuni kuna buibui mmoja mwenye miguu mirefu ametanda pale tangu Pasaka. Dada aliniuliza amtoe. Nilimwangalia sana yule buibui, nikamkumbuka bibi, nikamwambia amwache.

Ila taulo nimelihamishia ukuta wa pili.